Vyumba vya Uani

Ukipita katika mitaa ya Nyasura, mjini Bunda, utaona nyumba moja mbele ya kila kiwanja. Lakini ukiingia uani utakuta mambo mengine. Nyuma ya nyumba kubwa kuna safu ya vyumba. Pengine ni viwili, pengine ni vitano. Kila chumba kina mlango wake na kufuli lake. Nje ya mlango kuna ndoo ya maji na jiko la mkaa. Humo wanakaa walimu, wauguzi, wanafunzi, wauza samaki na vijana wa bodaboda. Mwenye kiwanja anakaa katika nyumba kubwa. Wao ni wapangaji.

Mimi ni mwanamke mjane, na nina vyumba vitatu vya namna hiyo. Ndugu wasomaji, nataka kuwaeleza jinsi nilivyovijenga, na jinsi njia ya mtaani kwetu ilivyokaribia kufungwa kwa sababu ya vyumba kama hivyo.

Watu wengine husema kwamba kujenga nyumba nyingi mahali pamoja ni mambo ya mjini. Si kweli. Wazee wetu wa Mara hawakukaa nyumba moja moja. Mji wa mzee ulikuwa na nyumba nyingi. Kila mke alikuwa na nyumba yake. Kijana akikua hakulala tena kwa mama yake. Alijenga kibanda chake. Wajaluo wa Rorya hukiita simba. Kijana alikaa humo mpaka alipooa na kupata mji wake mwenyewe.

Hakuna aliyekwenda ofisini kuomba kibali. Hata hivyo sheria ilikuwapo. Mahali pa nyumba ya mke mkubwa palijulikana. Mahali pa kijana palijulikana, karibu na lango. Mtu akijenga mahali pasipo pake, wazee walimwita wakamwuliza.

Halafu ulikuja mwaka 1974. Mwaka ule Operesheni ya kuhamia vijijini ilifika mkoani kwetu, ikaitwa Operesheni Mara. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka baba aling'oa mlango, akaezua mabati, akang'oa na miti ya paa iliyokuwa bado mizima. Mama alibeba dirisha kichwani. Tulitembea mpaka kijiji kipya. Huko tulipewa kiwanja katika mstari, kando ya barabara, na jirani mbele na jirani nyuma. Watu wengine nyumba zao za zamani zilivunjwa au zilichomwa moto ili wasirudi. Wako wazee ambao mpaka leo hawapendi kuzungumza habari hiyo.

Katika mstari ule kila familia ilikuwa na nyumba moja. Simba ya kijana haikuwa na mahali. Kaka zangu walilala jikoni.

Baadaye niliolewa Nyasura. Mume wangu alipewa sehemu ya shamba na baba yake. Ndugu yake, yaani shemeji yangu, alipewa sehemu ya pili. Kati ya sehemu zetu palikuwa na njia ya miguu. Ng'ombe walipita hapo kwenda kunywa maji. Zamani ile hapakuwa na watu wengi.

Leo Nyasura ni kata katika Halmashauri ya Mji wa Bunda. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapita Bunda. Basi watu wanakuja, na kila anayekuja anatafuta mahali pa kulala.

Hapa nieleze jambo moja ambalo huwachanganya watu wengi. Ninyi mnaosoma habari hii mkiwa vijijini litawafaa, maana mji hauulizi ruhusa unapokuja. Katika kijiji, ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Hiyo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Kijiji kinaweza kupanga chenyewe mahali pa nyumba, mahali pa malisho na mahali pa mashamba. Lakini mji ukikua, na eneo lenu likaingizwa katika mipango ya mji, kijiji huwa mtaa. Hapo inatumika Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007. Sheria hiyo inasema kwamba katika eneo la mipango huwezi kuendeleza ardhi bila kibali cha halmashauri. Na kuendeleza si kujenga tu. Ukigeuza nyumba ya kulala ikawa baa au ghala, huko nako ni kuendeleza. Shamba ni lile lile, mwembe ni ule ule, na wewe ni yule yule. Lakini ofisi imebadilika.

Mume wangu alifariki mwaka 2011. Aliniachia nyumba, mama yake, na watoto wanne wa shule. Mahindi ya shambani hayakutosha karo. Nikaona nijenge vyumba vinne uani.

Fundi wangu alikuwa kijana hodari. Aliniambia, "Mama, tuanze Ijumaa jioni. Jumatatu watakuta tumefika kwenye linta. Watakuandikia barua tu."

Nikamwambia, "Fundi, ukuta huo utakuwapo na Jumanne. Nitauficha wapi?"

Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Yeye na mtendaji waliniandikia barua ya kunitambulisha. Nikaenda nayo halmashauri pamoja na karatasi zangu za kiwanja. Huko niliambiwa nilete ramani. Ramani ya kwanza ilikuwa ya kiwanja, ionyeshe mipaka, nyumba iliyopo, vyumba vipya, choo na njia. Ramani ya pili ilikuwa ya vyumba vyenyewe, ionyeshe milango, madirisha na paa. Ramani hizo hupitiwa na watu wa ardhi na mipango miji, wa ujenzi, na wa afya. Baada ya hapo unalipa ada na kupewa kibali.

Nitasema wazi mawazo yangu juu ya ramani hizo. Mchoraji alitaka fedha nyingi kuliko bei ya mabati yangu yote. Mtu anayejenga nyumba ya ghorofa ataziona fedha hizo kuwa ndogo. Mjane anayejenga vyumba vinne vya tofali za kuchoma atakata tamaa, na fundi wa Ijumaa jioni atapata kazi. Mimi nilipata nafuu kwa sababu kijana mmoja wa kanisani kwetu alikuwa amesoma ufundi chuoni. Alinichorea kwa bei ndogo, na ramani yake ikakubaliwa. Lakini si kila mtu ana kijana wa namna hiyo. Kama halmashauri ingekuwa na michoro michache iliyo tayari, ya vyumba viwili, vitatu na vinne, mtu akachagua na kulipia kidogo, nadhani watu wengi wangejenga mchana.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa bwana afya. Lakini sasa namshukuru. Alikuja na futi yake akapima uani. Akauliza, "Mama, vyumba vinne vitakuwa na watu wangapi?"

Nikasema, "Labda wanane. Pengine kumi na watoto."

"Na nyumbani kwako mko wangapi?"

"Sita."

"Basi choo hiki kimoja ni cha watu kumi na sita," akasema. "Na kisima kile ni cha nani?"

Kilikuwa kisima cha jirani wa nyuma. Nyumba saba zilichota maji pale wakati bomba lilipokauka. Bwana afya alipima kutoka kisimani mpaka mahali nilipotaka kuchimba choo kipya. Zilikuwa mita 14. Alisema zinatakiwa zisipungue mita 30. Maji ya chooni husafiri chini ya ardhi, na macho hayayaoni. Ugonjwa wa kuhara na kipindupindu hupita huko.

Tukazunguka kiwanja chote. Mahali pekee palipotimiza mita 30 palikuwa mbele, pembeni mwa nyumba kubwa, karibu na njia. Mama mkwe wangu alikataa kabisa. Alisema, "Mwanangu, wageni wataingia kwangu kwa kupitia chooni?" Sikumjibu mama siku ile. Nilimwachia wiki nzima. Baadaye nilimwomba balozi wetu, ambaye ni mzee wa umri wake, aje kuzungumza naye. Walizungumza mpaka jua lilipokuchwa. Choo kilijengwa mbele. Tulikizungushia ukuta na kupanda minyaa. Mama alikaa miezi miwili bila kupita upande ule.

Jambo la pili alilosema bwana afya lilikuwa la madirisha. Chumba cha uani mara nyingi huwa na dirisha moja dogo, tena limezibwa kwa gunia. Watu wanne wanalala humo na mmoja anakohoa. Kifua kikuu kinapenda chumba cha namna hiyo. Kwa hiyo vyumba vyangu vina madirisha mawili yanayotazamana, ili hewa ipite. Ndiyo maana safu yangu haikugusa ukuta wa nyuma.

Wakati mimi nachimba msingi, shemeji yangu naye alianza kuchimba wake upande wa pili wa njia. Alitaka vyumba sita. Alikuwa na binti katika chuo cha uuguzi, na ada ilikuwa kubwa. Vyumba sita haviwezi kuenea katika ua wake bila kugusa njia. Yeye alisema njia ile si njia. Ilikuwa ardhi ya baba yake, na baba yake aliwaachia watu wapite kwa wema tu. Ramani yoyote haikuionyesha. Katika maneno hayo hakusema uongo.

Lakini nyuma yetu kulikuwa na nyumba kama 20. Zote zilitumia njia ile. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mama mmoja wa nyumba za nyuma alishikwa na uchungu usiku. Bajaji ilishindwa kuingia, maana njia ilikuwa imebaki upana wa hatua mbili. Vijana walimbeba kwenye kiti mpaka barabarani. Alifika hospitali salama na mtoto alizaliwa. Lakini watu waliokuwa wamekibeba kile kiti ndio waliokuja mkutanoni.

Mkutano wa mtaa ulikuwa mkali. Mtu mmoja alisema misingi ya shemeji ifukiwe siku ile ile. Shemeji aliinuka akasema, "Mnataka njia. Mimi pia nataka njia. Lakini kwa nini itoke katika mfuko wangu peke yangu? Huyu upande wa pili ni shemeji yangu, anajenga, na hakuna anayemwambia kitu!"

Watu wote wakanitazama mimi.

Nilikuwa na kibali. Ramani yangu ilikuwa imepigwa mhuri. Ningeweza kunyamaza, na kisheria hakuna ambaye angenigusa. Lakini shemeji alikuwa amesema kweli. Njia ikihitaji upana wa mita nne, na ikiwa na mita mbili tu, mita mbili lazima zitoke mahali fulani. Zikitoka kwake zote, anapoteza vyumba viwili. Zikitoka kwake moja na kwangu moja, yeye anapoteza kimoja na mimi kimoja.

Mwenyekiti hakutaka tuamue kwa hasira. Alitupeleka mbele ya Baraza la Kata. Hapa msomaji ajue jambo hili. Zamani Baraza la Kata lilikuwa na uwezo wa kuamua kesi za ardhi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha watu ndani ya siku 30, wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko kesi inaamuliwa, na huko kuna gharama na kungoja.

Mbele ya Baraza mzee mmoja alitukumbusha habari za Dar es Salaam. Aliwahi kufanya kazi Manzese. Alisema zamani Serikali ilikuwa ikibomoa mitaa iliyojengwa ovyo. Mwaka 1972 iliamua vingine. Iliacha kubomoa, ikaanza kuiboresha mitaa hiyo na kupima viwanja vipya kama vya Sinza na Kijitonyama. Manzese iliingizwa barabara na maji huku watu wakiwa humo humo. Siku hizi kazi ya kupanga mitaa iliyokwisha kujengwa huitwa urasimishaji. Wapimaji wanakuja, majirani wanakubaliana mipaka, kila mmoja anaacha ardhi kidogo kwa ajili ya njia, kisha viwanja vinapimwa na watu wanaweza kuomba hati. "Lakini," akasema mzee, "mpimaji hawezi kupima njia iliyojengwa chumba. Mkifunga leo, nyumba 20 za nyuma hazitapata hati. Na ninyi pia."

Tulipatana siku ya tatu. Mimi niliacha mita moja. Shemeji aliacha mita moja. Mimi nilijenga vyumba vitatu badala ya vinne, na ilinibidi nirudishe ramani ikabadilishwe. Yeye alijenga vitano. Wenye nyumba za nyuma walichanga fedha za kumlipa fundi kazi ya msingi uliofukiwa, na lori moja la kifusi. Wawili hawakutoa kitu. Wanapita kila siku.

Chumba cha nne kingenipa shilingi 30,000 kwa mwezi. Nilipiga hesabu hiyo mara nyingi usiku. Ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Mtoto wangu wa tatu alichelewa kwenda chuo mwaka mzima. Nasema hivi kwa sababu viongozi wakisimama mkutanoni hutuambia tutoe ardhi kwa ajili ya maendeleo, kama vile ardhi ya mita moja haina bei. Ina bei. Mtu anayeitoa anafaa kupewa shukrani mbele ya watu, na ikiwezekana apunguziwe ada ya kupimiwa.

Mpangaji wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, alinisimulia kwamba huko Marekani nako watu wamegombana sana juu ya vyumba vya uani. Kwa miaka mingi, miji mingi ya huko ilisema kiwanja kimoja kiwe na nyumba moja ya familia moja, basi. Mtu hakuruhusiwa kumjengea mama yake nyumba ndogo uani. Ziko pia nyumba zinazotengenezwa kiwandani na kuvutwa na gari. Nazo katika miji mingi ziliwekewa maeneo yake ya mbali, zisichanganyike na nyumba nyingine. Kisha nyumba zikawa haba na kodi ikapanda sana. Katika jimbo la California, sheria zilizoanza kutumika mwaka 2017 ziliwarahisishia wenye viwanja kujenga nyumba ndogo uani. Nilicheka sana. Nikamwambia, "Mwalimu, wamefika kwa wazee wa Rorya."

Wapangaji ni watu wazuri, lakini huleta kazi. Umeme ulituletea maneno. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mita yetu ilikuwa moja. Mpangaji akinunua umeme mwanzo wa mwezi, yeye ndiye anayekatwa kodi ya jengo, na jengo ni langu. Walinijia watatu pamoja. Tulikubaliana kwamba mwanzo wa kila mwezi nanunua mimi. Choo tunasafisha kwa zamu, na zamu imeandikwa kwa chaki mlangoni. Mmoja wao hakujua kusoma. Sasa anajua jina lake na siku yake.

Mwaka jana mwanangu wa mwisho alikuja na wazo jipya. Anataka kununua kontena kuukuu, aliweke mbele ya nyumba, alale humo na kufungua duka la simu. Anasema, "Mama, kontena si nyumba. Halina msingi. Wakikataa tunalivuta." Mimi nimemwonyesha sheria. Haitazami kama kuta ni za tofali au za chuma. Inatazama ardhi inatumikaje. Mtu akilala humo na kuuza humo, matumizi yamebadilika. Tena kama ni karibu na barabara kuu, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani zilikuwa mita 22.5, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaongeza. Kwetu ni ndani, hatuguswi na hilo. Lakini kontena lina joto kali mchana, na gari la kunyonya choo linapita pale pale anapotaka kuliweka.

Nilimwambia aandike barua mwenyewe, apime mwenyewe, na achore mwenyewe. Alipima na kamba siku mbili. Akagundua kwamba kontena likiwekwa kwa urefu linaziba njia ya choo, na likiwekwa kwa upana linatoka nje ya mpaka kwa nusu mita. Sasa anauliza kama yako makontena mafupi. Yapo, ya futi 20. Barua yake imekwisha pelekwa halmashauri, na mwenyekiti ameweka mhuri wake. Tunangoja jibu.